Kaye ya Tumbo la Benita

Tarehe 6 mwezi wa kumi, Siku ya Mungu

Dokta Asani amenipa hii kaye akasema: "Mama, andika kila siku mutoto ametoka chooni mara ngapi, kama damu iko ao haiko, kama amekula. Basi." Anasema "basi" kama vile mimi ni mutu wa kuambiwa basi. Nilifika darasa la nne kwa masista, na mwandiko wangu ni muzuri kuliko ule wake, wenye hata watu wa famasia wanausoma kwa kubahatisha. Nitaandika yenye ameomba. Na yenye hakuomba nitaandika pia, juu kaye iko na kurasa mia na mimi siachi karatasi nyeupe bure.

Jina langu ni Marguerite. Mutoto wangu Déo iko Salamabila anachimba dhahabu. Benita ni binti ya Déo, ana miaka kumi na sita. Mama yake alikufa yeye akiwa bado ananyonya, nikamulea mimi hapa Kasongo, kwa maziwa ya majirani na makelele yangu. Tuko wawili mu nyumba.

Ugonjwa wake uko na miaka miwili. Tumbo linamukata, anakimbia chooni, anatoa damu na makamasi. Walisema amiba. Wakasema tifoidi. Majirani wakasema sumu, na kila mumoja alikuwa na mulozi wake tayari. Mwisho, kule Bukavu, wakamuingiza kamera kwa nyuma, wakaona utumbo mukubwa umejaa vidonda. Dokta Asani anasema ni askari wa mwili wanapiga mwili wenyewe. Adui hayuko, wanapiga raia. Nikamuambia: "Hiyo hainishangazi, Dokta. Askari wa namna hiyo tunawajua." Akacheka, kisha akaangalia mulango.

Anakunywa vidonge vya manjano kila siku, hata siku anajisikia muzuri. Haviondoi ugonjwa, vinaulaza.

Leo: mara mbili. Damu hakuna. Amekula bugali na samaki, akaomba tena.

Tarehe 7

Mara mbili. Damu hakuna. Mvua toka asubuhi.

Tarehe 8

Mara mbili. Damu hakuna. Mvua.

Tarehe 11

Mara moja! Damu hakuna. Tumemaliza kupanda mupunga. Benita alitoka masomoni akapanda mistari mine bila kuvua sare ya shule. Nikamugombeza mpaka sauti ikanikauka. Akacheka tu.

Tarehe 15

Mara mbili. Damu hakuna.

Niandike kitu hapa ili Dokta akisoma ajue. Siku ile ya kunipa kaye alinikataza bomba. "Mama, kwa huyu mutoto bomba hapana, hata mara moja." Na alisema mbele ya muuguzi Pascaline, na huyo Pascaline mwenyewe nilimutia bomba akiwa wa kubebwa mugongoni! Miaka makumi ine wamama wa Kasongo wananiletea watoto wao. Tumbo limevimba, mutoto analia: ninachemsha mizizi, ninapoza, ninavuta maji mu puare ya mupira, ninatia kwa nyuma, uchafu unatoka, mutoto analala. Ile ndiyo bomba. Sikufundishwa na kamera. Leo kijana mwenye ndevu za kuhesabika ananiambia hapana.

Nimemutii. Lakini nimekasirika, na iandikwe hivyo.

Tarehe 22

Gaston wa pikipiki amefika kutoka Salamabila, matope mpaka masikioni, na boksi ndogo toka kwa Déo. Juu ya boksi kuna picha ya mwanamuke muzungu anacheka, tumbo lake linawaka kama taa. Ndani ni vipakiti vya unga wenye harufu ya matunda yasiyoota popote. Nikamupigia Déo simu.

"Mama, hiyo ni seli-shina."

"Ndiyo nini?"

"Ni mbegu za mwili. Mutu akiwa bado tumboni mwa mama yake anaanzia kwazo, kisha zinakuwa mufupa, zinakuwa damu, ngozi, kila kitu. Ukizimeza zinatembea mpaka fasi yenye kidonda, zinaota pale. Utumbo unakuwa mupya."

"Nani amekuambia?"

"Dokta Théophile."

"Wa lopitali gani?"

"Siyo wa lopitali, mama. Ni wa mutandao."

"Na huo mutandao uko mutaa gani?"

"Mama!"

"Nauliza tu. Mugonjwa akizidiwa nitamulaza wapi, mu simu?"

Akasema polepole: "Mama, dhahabu yangu ya miezi mitatu iko mu ile boksi. Ninataka mutoto wangu apone, siyo ugonjwa wake ulazwe tu. Na vidonge aache, juu vidonge vinaua seli."

Nimeweka boksi juu ya kabati. Mara mbili. Damu hakuna.

Tarehe 26

Mara mbili. Damu hakuna. Ugomvi mwingi.

Benita ameona boksi. "Koko, baba amesema."

"Baba yako amesema akiwa mu shimo. Mutu mwenye iko mu shimo anaona giza."

Lakini ana sababu zake, na nitaziandika. Vidonge vinamutapisha asubuhi. Vinageuza mukojo rangi ya Fanta, na wasichana wa darasa lake waliuona mu choo cha masomo wakamuita jina. "Nitavikunywa mpaka lini, koko?"

"Mpaka Dokta atakaposema."

"Na atasema lini?"

Nikamutuma maji, na maji yalikuwa tele.

Tarehe 2 mwezi wa kumi na moja, siku ya Posho, kesho Siku ya Mungu

Mara mbili. Damu hakuna.

Huyo Théophile amekuja mwenyewe, na viatu vya ncha vyenye havikuguswa na tope. Sijui aliruka. Nilikuwa nimejitayarisha kumufukuza. Akavua kofia, akainama, akasema: "Shikamoo, Mama Munganga. Hata Salamabila nimesikia jina lako. Watu wote mule wanasema, mukono wa bomba ni wa Mama Marguerite wa Kasongo." Akasema wazee wetu walijua zamani kwamba mwili unajiponya wenyewe, na wazungu wamekuja kuthibitisha tu, na seli ndiyo uthibitisho.

Nikamuuliza kuhusu vidonge. Akasema: "Ile ni kemikali, mama. Utamwaga mbegu yako juu ya shamba yenye umetia sumu?"

Nilifurahi. Niandike ukweli, nilifurahi sana. Kule lopitali ninaitwa "mama" na ninaambiwa "basi". Huyu ameniita munganga mu nyumba yangu.

Kuanzia leo vidonge vimelala, unga umeamuka.

Tarehe 6

Mara mbili. Damu hakuna. Hatapiki tena. Utasema nini sasa, Dokta?

Tarehe 9

Mara mbili. Damu hakuna. Leo ilikuwa siku ya kuonana na Dokta. Hatukuenda. Nilikuwa na kazi.

Tarehe 14

Mara tatu.

Tarehe 17

Mara ine. Makamasi. Nikamupigia Théophile. "Ni seli zinafanya kazi, Mama Munganga. Zinafagia."

Tarehe 20

Mara tano. Damu kidogo. "Zinafagia."

Tarehe 23

Mara saba. Damu. Hajaenda masomoni. Mvua kubwa na upepo, mupunga wa upande wa mutoni umelala wote chini. Nikamuuliza Théophile: "Nyumba gani inafagiwa wiki nzima na uchafu unazidi?" Akasema: "Imani, mama." Nilikata simu. Lakini unga sikukata.

Tarehe 26

Mara nane. Damu. Hali kitu. Amekonda mpaka pete yake ya kidole inaanguka mu sahani.

Tarehe 27

Mara sita. Hakuna kipya.

Tarehe 1 mwezi wa kumi na mbili, mu lopitali

Tarehe 27 nimeandika uongo.

Sasa nitaandika yenye ilitokea. Pascaline amenipa bik yake, ile yangu ilibaki nyumbani.

Siku ile nilikaa mulangoni nikiangalia boksi, nikawaza. Unga unaingia mudomoni, unapita shingo, unapita tumbo, unapita njia yote ile ya kujizungusha, unafika chini umechoka. Kidonda kiko chini. Na mimi njia fupi ninaijua kuliko mutu yeyote wa Kasongo. Kwa nini dawa izunguke?

Nikachemsha mizizi. Nikapoza. Nikamwaga vipakiti vine mule ndani, nikakoroga, nikavuta mu puare.

Benita alisema: "Koko, Dokta alikataza."

Nikamuambia: "Dokta alikataza mizizi peke yake. Hakukataza seli."

Akageuka. Mutoto wa miaka kumi na sita, mwenye akili, mwenye anasoma biolojia, aligeuka juu ni mimi nilimulea, na tangu akiwa mudogo nikisema geuka, anageuka.

Alilia kilio chenye sijawahi kusikia kwa mutoto yeyote mu miaka makumi ine. Mpaka jua kuzama alitoka mara kumi na ine. Ilikuwa damu tupu. Asubuhi hakuweza kusimama. Gaston alikuja na pikipiki, Benita akakaa katikati, mimi nyuma nimemushika kiuno, na alikuwa mwepesi kama nguo za kuanika.

Dokta Asani alikuwa mulangoni. Hakunisalimia. Akaangalia macho ya Benita, akagusa tumbo, likawa gumu kama ubao.

"Vidonge?"

"Ameacha."

"Tangu lini?"

"Tangu tarehe mbili."

"Kwa nini, mama?"

Nikatoa boksi mu kitenge. Akaigeuza, akasoma pande zote ine, akaiweka chini taratibu sana, namna mutu anaweka kitu ili asikitupe. Kisha akasema: "Sikilizeni vizuri wote wawili. Ninaogopa utumbo umetoboka. Ukiwa umetoboka, nitamupasua saa hii, na hana damu ya kutosha ya kupasuliwa. Ukiwa haujatoboka, nikimupasua bure nitamuua. Ninahitaji kujua: kuna kitu chochote kimetiwa kwa nyuma?"

Niliangalia pembeni. Pascaline alikuwa pale na sindano. Wamama watatu wenye wagonjwa wao walikuwa pale, na mumoja nilimutilia bomba watoto wake wote.

Dokta akainama kwa Benita. "Binti, kuna kitu?"

Benita alifungua macho, akaniangalia mimi, siyo Dokta. Midomo imekauka, imepasuka. Akasema: "Hapana, Dokta. Hakuna kitu."

Mutoto anakufa, na iko analinda jina langu.

Nilisema kwa sauti, wamama wote wasikie, juu nikisema polepole ningeacha katikati: "Anasema uongo juu ya kunilinda. Nimemutia bomba. Mizizi na vipakiti vine. Jana, saa nane ya muchana. Ni mimi."

Nilingoja anitukane. Ningependa anitukane. Alisema tu, "Aksanti, mama," akatoka mbio.

Hawakumupasua, juu Dokta alisema maji ya bomba yanaweza kuchoma utumbo na kukaza tumbo hata bila kutoboa. Wamemutia damu, ya Gaston na ya mwalimu mumoja wa Benita, na dawa mu mushipa, na wanagusa tumbo kila mara. Siku ya ine leo. Dokta anasema halikutoboka, limechubuka na limechomwa ndani. Anasema tusiseme bado kwamba amepona.

Mara kumi na moja. Damu.

Tarehe 4

Mara tisa. Damu.

Dokta amekaa na mimi kwenye benchi. Nilimuuliza: "Hizo seli ni uongo?"

"Hapana, mama. Zenyewe ziko kweli."

Akanieleza. Inchi zingine waganga wanatoa seli za namna ile mu uboho wa mufupa, ao mu mafuta ya mwili, ao mu kitovu cha mutoto aliyezaliwa. Wanazitunza hai mu baridi kali, wanazitia na sindano, mu mushipa ao karibu na kidonda. Wagonjwa wengine wa ugonjwa huu wamepata nafuu, wengine hawakupata kitu, na bado wanatafuta kujua kwa nini. Hakuna mutu anazimeza kama chai. "Zikifika mu tumbo zinasagwa kama nyama nyingine yoyote."

"Na mu boksi kuna nini?"

"Sijui. Sukari, labda majani. Kama kulikuwa na seli, zilikufa mbele hata ya boksi kufungwa."

"Na zile za kweli zitafika Kasongo lini?"

Akaangalia viatu vyake. "Mama, hapa siwezi hata kupata ile kamera ya kuangalia."

Tangu pale hasira haijanitoka. Sina hasira na seli. Ziko na kazi yao, wacha wazitafute, Mungu awasaidie. Nina hasira juu kitu cha kweli kikianza kule, hakipati barabara ya kufika huku, na uongo wake unafika na pikipiki, umevaa picha, unajua hata jina langu! Mutoto wangu anaingia ardhini kutafuta dhahabu ili hao wauzaji wavae viatu vya ncha. Na wanachagua nani? Hawachagui mwenye mafua. Wanachagua mwenye ugonjwa usio na mwisho, juu huyo amechoka kuuliza "mpaka lini".

Tarehe 7

Mara saba. Damu kidogo. Amekunywa uji vijiko vitano.

Tarehe 10

Mara tano. Damu kidogo sana. Amemuomba Pascaline amusuke nywele. Mimi nilikuwa pale na kitana mukononi.

Tarehe 14, siku ya Posho

Tumerudi nyumbani. Mara tatu. Damu hakuna. Vidonge vya manjano na vingine vidogo vyeupe, vya kupunguza taratibu.

Nikamuwekea maji ya moto, nikakunja mikono ya nguo nimuogeshe. Akasema: "Aksanti, koko. Nitaoga mwenyewe." Sauti nzuri, ya adabu, kama anazungumza na mugeni.

Tarehe 15

Mara tatu. Ananisalimia asubuhi, anashukuru kwa chakula. Akilala anafunga mulango wa chumba. Zamani hakufunga.

Tarehe 17

Mara tatu. Damu hakuna.

Déo amepiga simu akifoka. Théophile amemuambia seli zilikuwa nzima, zilikuwa zinafanya kazi, ila mama muzee aliziua kwa kuzitia kwa nyuma. "Dhahabu yangu, mama! Mutoto wangu! Kwa nini hukufuata maagizo?"

Nikamuambia: "Nilikosa, na kosa langu nilishalisema. Lakini wewe uliza kitu kimoja: kabla ya mimi kutia bomba, alikuwa ametoka mara nane na damu. Nani alitia ile?"

Akakata.

Nimemuelewa Théophile sasa. Kosa langu limekuwa kofia yake. Atalivaa kila fasi anapokwenda, na anajua sitasimama kumuvua, juu kumuvua ni kujivua mimi.

Tarehe 25, Noeli

Mara mbili. Damu hakuna. Amekula kuku. Tumeimba kanisani, kila mumoja benchi yake.

Tarehe 3 mwezi wa kwanza

Mara mbili. Damu hakuna.

Théophile alifanya mukutano mu darasa moja la masomo, kipaza sauti na boksi zimepangwa kama matofali. Wamama walijaa. Nilikaa nyuma kabisa. Akasema juu ya kisukari, juu ya macho, juu ya wanawake wenye hawazai. Mutu mumoja akamuuliza juu ya binti wa hapa aliyelazwa. Alikuwa tayari:

"Kuna bibi mumoja, sitamutaja, alitumia bidhaa vibaya kabisa. Tunamuheshimu, lakini..."

Nikasimama. "Nitaje. Nilibatizwa Marguerite, na walinibatiza kwa maji mengi."

Watu wakageuka. Akacheka meno yote. "Mama Munganga! Sikutaka kukuaibisha."

"Hiyo kazi niachie, nitaifanya vizuri kuliko wewe."

Nikasema yote. Mizizi, vipakiti vine, saa nane ya muchana, kilio. Nikasema Dokta alikuwa amenikataza na kiburi changu kilimujibu. Kisha nikasema: "Mimi nimemaliza. Sasa zamu yako. Nani alisema mutoto aache vidonge?"

"Mama, sisi tunashauri tu..."

"Ulinishauri mu nyumba yangu, umekaa kwenye kiti changu. Haya, hizi seli ni kitu hai?"

"Hai kabisa!"

"Zinakula nini mule ndani ya pakiti?"

Mwanamuke mumoja akacheka.

"Mama, ni teknolojia."

"Samaki wa Lualaba bila moshi hamalizi siku mbili. Wewe unaleta nyama hai ya mutu toka inchi ya mbali, inakaa mu boksi, inapigwa jua juu ya pikipiki mwezi mzima, na haiozi? Kitu chenye hakiozi hakikuwa hai."

Walicheka wengi. Akapandisha sauti ya kipaza sauti, akaanza wimbo wa kanisa, watu wawili watatu wakapiga makofi. Nilidhani nimeshinda. Lakini Marie-Thérèse akasimama, mwanamuke wa soko la samaki, rafiki yangu. Watoto wake sita wote nilitia bomba, na wa nne, Fidèle, alikufa kwa kuharisha akiwa na miezi minane. Wimbo ukafifia wenyewe. Hakumuangalia Théophile.

"Na watoto wetu, Marguerite? Wale wa bomba?"

Ningeweza kusema mengi. Nina mudomo, kila mutu anajua.

Nilisema: "Sijui."

"Hujui?"

"Sijui, mama Fidèle. Nilidhani ninajua."

Akachukua kikapu chake, akapita mbele yangu bila kunigusa.

Tarehe 4

Mara mbili. Damu hakuna. Wanasema baada ya mimi kutoka, wanawake saba walinunua. Saba! Walisikia yote, wakacheka nami, wakanunua. Mumoja ana mutoto wa kisukari. Nimekwenda kwake leo. Alinifungia mulango, nikasemea dirishani mpaka jirani akatoka: sindano isiachwe, unga unywe ukitaka, lakini sindano isiachwe. Kesho nitarudi kwa dirisha lile lile.

Tarehe 9

Mara mbili. Damu hakuna. Hakuna mama ameleta mutoto wiki yote. Yule wa dirisha amefungua mulango, ila hakunipa kiti. Mutoto anachomwa sindano bado.

Tarehe 13

Mara mbili. Mupunga umeanza kuzaa, ndege wamefika. Niko shambani toka asubuhi ninapiga debe kuwafukuza. Benita amerudi masomoni. Simu ya Déo: aliuliza, "Mama, ni kweli ulisema mbele ya watu?" Nikasema ni kweli. Akasema, "Mimi hapa nimewauzia wenzangu watatu wa shimo." Sikumugombeza. Nikamuambia awaambie ukweli, aanze na yule mwenye anaumwa zaidi.

Tarehe 18

Mara moja. Damu hakuna. Ndege.

Tarehe 21

Mara mbili. Damu hakuna. Ule mupunga ulioanguka, nusu umesimama tena kwa kujipinda, nusu umeoza. Tutakula huo wa kujipinda.

Tarehe 26, Siku ya Mungu

Mara ine. Damu kidogo.

Nilikuwa nyuma ya nyumba ninapepeta. Nikasikia "Koko." Hakulia, aliita tu. Nilikuta mulango wa chumba uko wazi. Benita amekaa kitandani, mukono juu ya tumbo.

"Limeanza tena," akasema. "Vidonge nimekunywa vyote, usiniulize."

Sikuuliza. Mikono yangu ilitaka kwenda kule kwenye tumbo, niliona kabisa inataka. Nikaishika moja kwa nyingine. Nikamuambia kesho asubuhi Gaston atatupeleka kwa Dokta, na Dokta alisema ugonjwa huu unaweza kuamuka hata kwa mwenye anatii, na wakati huu tumewahi.

Kisha nikamuuliza: "Nikufanyie nini?"

Wagonjwa wote wenye walipita mu mikono yangu, sikumbuki hata mumoja mwenye niliuliza vile.

Akafikiri. Akasogea karibu na ukuta. "Kaa tu hapa, koko. Usiseme kitu."

Nimekaa. Sijasema kitu. Ninaandika hii juu ya goti langu, na yeye amelala na mugongo wake kwenye mukono wangu, ndiyo maana mwandiko leo ni mubaya.